Kitenge cha Mama Lucia

Mama yangu, shikamoo.

Naanza na mguu wako, maana nikikuuliza hali tu utajibu sijambo hata kama unachechemea. Uvimbe umepungua? Dada Nyangeta ameniambia bado unakwenda mwenyewe shambani kuchimba muhogo. Sisi huku Italia wazima. Chiara amebakiza miezi miwili kujifungua, na viatu sasa namfunga mimi. Baridi nimeizoea kama mtu anavyomzoea jirani mgomvi. Kazi ni ileile ya kuoka mikate. Naingia alfajiri, mchana niko nyumbani.

Sasa kuna jambo sijawahi kukueleza, nikidhani litaisha lenyewe. Linamhusu mama yake Chiara, mama Lucia.

Unajua ni mjane, anaishi nyumba ya chini, sisi ya juu. Watu wa hapa wakikutana hubusiana mashavuni, kulia na kushoto, na mkwe hasamehewi. Siku ya kwanza aliponijia na mashavu yake nilirudi nyuma mpaka nikagonga kabati la vyombo, sahani mbili zikavunjika. Tangu hapo nikatafuta mbinu. Nikimsikia anakuja, nabeba kitu kwa mikono yote miwili. Jumapili akitualika kula, nachukua sahani yangu nasimama nayo dirishani, nasema mgongo unauma. Anapika ugali, mama, wa mahindi ya njano, tena mzuri, ingawa wao wanaula kwa uma. Nimeula miaka mitatu nikiwa nimesimama, nimempa kisogo.

Mimi nilijiona mkwe bora. Nilijisemea, hata shangazi angeniona angenisifu.

Jumapili moja kabla ya Kwaresima nikainuka na sahani kama kawaida. Mama Lucia akaweka mwiko mezani, akasema, "Miaka mitatu nakupikia. Kama chakula changu kinakuchefua, sema. Kama ninayekuchefua ni mimi, sema pia." Kisha akalia.

Nikamweleza, uso wangu ukiwa dirishani. Nikamwambia kwetu mkwe hamshiki mkono mama mkwe, hali naye sahani moja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia majanini mwingine apite. Nikamsimulia habari zako na babu mzaa baba: ulivyompikia mpaka anafariki bila kumwona hata siku moja akitafuna, na siku ya msiba ukalia kuliko binti zake wa kuwazaa. Mama Lucia akauliza, "Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unaniheshimu?" Nikasema ndiyo. Akafuta macho kwa aproni, nami nikajua yameisha.

Hayakuisha. Mama Lucia akianza jambo hulifikisha mwisho. Kesho yake alikuwa anapanda ngazi, akaniona mlangoni, akageuka akashuka. Siku hizi akitaka kupita hukohoa kwanza. Sahani yangu anaiacha kwenye kigoda nje ya mlango, ameifunika. Jumapili ananitengea kijimeza changu pale dirishani, chenye kitambaa cheupe. Akitaka kunisalimu anamtuma Chiara, na mimi niko palepale nasikia. Amewafundisha hata dada zake. Wakija wananipungia kwa mbali kama wanaaga meli. Hata huko kwetu, Nyegina nzima hakuna mkwe anayeheshimiwa kama mimi.

Na inaniuma, mama. Nasema wazi. Nayakumbuka mabusu yale niliyokuwa nayakwepa.

Chiara anasema, "Acheni tu, ni rahisi." Kwake ni rahisi. Nikiacha tu, mama yake ataona nilimdanganya, kwamba heshima ile ilikuwa kisingizio. Na mimi mwenyewe nitajua nimeitupa kama kiatu kilichobana. Lakini miezi miwili si mingi. Mtoto akizaliwa nitampaje bibi yake? Nimlaze mezani, nirudi nyuma, ndipo yeye aje kumchukua?

Nikampigia Nyangeta. Alicheka mpaka majirani zake wa Kabasa wakauliza kuna nini. "Wewe ulikuwaga hivyohivyo tangu utoto," akasema. "Mtu anakuonyesha njia, wewe unapita porini. Umesahau vile Magesa wangu alifanya kwa mama?"

Nilikuwa nimesahau kweli. Baba alipopooza, ikabidi Magesa awe anaingia ndani kumwinua, naye ni mkweo. Akakuletea kitenge. Ukakipokea, ukajifunga palepale, mkala sato mmoja kwenye sahani moja, basi. Hakuna aliyeivunja mila. Mliimaliza wenyewe, kwa adabu.

Hicho ndicho ninachoomba. Nyangeta atachagua kitenge sokoni Bunda akuletee. Najua mkwe ndiye anayetafuta kitenge, lakini vya huku ni vitambaa tu. Nataka wewe ukitamkie neno, maana hapa sina mkubwa wa kunisemea. Ukiona haifai, niambie haifai, nami nitaendelea kula dirishani. Ila usiseme Wazungu wamenimaliza. Wangekuwa wamenimaliza, nisingekuomba ruhusa.

Msalimie shemeji Magesa, mwambie amenifundisha bila kujua. Mjomba wa Butiama naye, na ng'ombe wake, maana usipowataja ananuna. Mwalimu wa kwaya pale misheni mwambie sauti yangu ya besi bado ipo, ila huku wanaimba wamekaa.

Kitenge ukishakitamkia, jifunge siku moja ukipika, na usikifue. Nataka kifike kinanuka moshi wa jikoni kwako. Mama Lucia atajifunga, tutakaa meza moja, nami ugali wake nitaula kwa mkono. Mtoto akija nitamweka mikononi mwake mimi mwenyewe. Halafu nitamsogezea shavu, la kulia kwanza.

Ni mimi mwanao, ninayekula bado nimesimama,

Majura