Bakuli la Sungura

Osaka, Agosti

Mdogo wangu Mizue,

Huku nyenje wanapiga kelele mchana kutwa. Nasikia Sapporo kuna ubaridi, una bahati.

Chumba alichofia baba peke yake tumekisafisha. Bosi wangu wa kazi ya kusafisha vyumba vya waliofia peke yao, Kuroiwa, alinizuia mlangoni. "Leo wewe ni mfiwa, Sayoko. Kaa nje."

"Nimesafisha walipofia baba za watu. Wangu ndiye anishinde?"

Tukawasha udi, tukainama, tukaingia. Mikeka ya sakafu tumeing'oa yote na harufu imeisha.

Mezani palikuwa na bakuli lako la utotoni, lile la sungura, na wali uliooza ndani. Kumbe alikuwa akikupakulia, kama mama alivyompakulia yeye akiwa melini, ili aliye mbali asikose riziki. Wewe, hata simu hupigi. Mimi niliyempikia kila Jumapili nililishwa kwenye bakuli la plastiki, na lako akilificha.

Bakuli la baba mwenyewe nimelivunja, kama ada ya kumuaga marehemu inavyotaka. Kuroiwa akauliza, "Hili la sungura tumtumie mdogo wako?"

Nikamwambia limepasuka.

Halina hata ufa. Jana nilijipakulia humo wali, nikala wote. Sikushiba.

Dada yako,
Sayoko