Nilivyomsemea Jackie Mazishini

S.L.P. 87,
Ruiru.
9 Machi, 2025.

Mpendwa wifi yangu Nafuna,

Habari ya Kitale na ile baridi yenu? Mguu wa kaka yangu Mburu umepona, ama bado anakanyagia kisigino tu? Na yule ng'ombe mweusi alizaa salama? Sisi huku Kalimoni tuko, tunapumua. Mzee wangu Ndegwa, presha yake imetulia tangu abadilishiwe dawa. Mahindi hatujapanda, mvua inatutisha tu halafu inaenda zake.

Ningekupigia simu, lakini kila nikianza haya maneno nashikwa na kilio, na wewe utabaki unasema haloo, haloo. Kalamu inanivumilia.

Kwanza uniruhusu nijisifu kidogo, wewe umenizoea. Jackie wetu, yule uliyemlea miaka minne akisoma sekondari huko kwenu, sasa ana digrii ya pili. Mimi niliyeachia darasa la saba! Anaishi Membley, na gari amejinunulia mwenyewe bila kumngoja mwanaume. Ofisi yake iko Thika, inatetea wanawake wanaopigwa na wanaouawa. Mwaka jana, siku ya wanawake duniani, alihutubia pale uwanjani mpaka akina mama wa soko wakavua vitambaa vichwani wakavipeperusha. Nilikuwa mbele kabisa, namwambia kila aliyeketi karibu, "Huyo ni wangu. Huyo nimezaa mimi."

Jana siku hiyo ilirudi. Jackie hakuwa uwanjani. Alijifungia kwake na simu akazima, na kosa ni langu. Wacha nikueleze toka mwanzo.

Unamkumbuka jirani yetu Muema, yule Mkamba mpole aliyekuletea miwa ulipotutembelea Krismasi? Alikuwa akifanya shifti ya usiku kiwandani, mchana analala. Mwezi wa kwanza, saa nne asubuhi, mkewe Wavinya alimmwagia mafuta ya mandazi yakichemka, mtu amelala. Hakukuwa na vita. Muema hakuwa wa kupiga mtu, hata kuku alikuwa akiniletea mimi nimchinjie. Alikaa hospitali siku sita, akafa. Wavinya yuko rumande na mpaka leo hajasema kwa nini.

Aki Nafuna, kumbe balaa ilikuwa inamgeukia mtoto wangu, ambaye hakumwaga hata maji. Watu waliandika kwa simu zao bila kuchoka. "Jackie yuko wapi? Mwanamke akiuawa unapiga kelele Thika nzima. Sasa mwanaume amekaangwa, umemeza ulimi?" "Laani tukusikie!" Hata kwenye kikundi chetu cha akina mama kanisani, Mama Ciku aliniuliza mbele ya wote, "Kwani msichana wako anafundisha wanawake kuchemsha mafuta?" Wakacheka. Mimi Waithira, nikachekwa nikiwa nimevaa sare.

Nilimwendea Jackie nikamwambia, sema tu ni vibaya, maneno mawili, watu watulie. Akaniambia, "Mami, ni vibaya. Nimemlilia Muema mpaka macho yakafura. Nani asiyejua ni vibaya? Hawa hawataki kujua moyo wangu, wanataka kuniona nimepiga magoti. Nikipiga leo, kesho wataniletea kingine nilaani."

Kulikuwa na sababu ingine, na hiyo alinionyesha. Alifungua mlango wa chumba, nikawaona watoto wa Muema: Nduku wa miaka tisa na Muoki wa minne. Siku ile Nduku hakuwa ameenda shule kwa sababu ya kikohozi, aliona yote. Ofisa wa watoto alimwomba Jackie akae nao kimya kimya mpaka Nduku aongee na hakimu, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zinamtafuta. Ndugu za Wavinya walitaka aseme sufuria iliteleza. Makau, ndugu ya Muema, alitaka aseme hata ambayo hakuona. Jackie akitoa neno lolote hadharani, watu na kamera watamfuata mpaka nyumbani, na hapo watoto wataonekana. Ndiyo maana alivumilia matusi. Akaniapisha, "Mami, usimwambie mtu. Hata baba." Nikaapa.

Mazishi yalikuwa kwa kina Muema, mashariki ya Thika. Jackie alikuja amejifunga leso, akaketi nyuma na akina mama waliokuwa wakimenya viazi. Mwenye kuongoza alikuwa Kang'ethe, yule ambaye kazi yake ni kuchekesha watu kwa harusi. Akamwona. Akasema kwa maikrofoni, "Naona tuna mgeni wa haki za wanawake. Madam, karibu mbele utupe msimamo. Ama msimamo umebaki Membley?"

Jackie alisimama pale pale. "Nimekuja kumzika Muema. Alikuwa jirani yetu." Akaketi.

"Hiyo si jibu!" wakapiga kelele. Mmoja akasema, "Muachane naye, ana kisu!" kwa sababu alikuwa bado ameshika cha viazi. Watu wakacheka, Nafuna, na jeneza liko mbele yao.

Mimi sikuzaa mtoto wa kuzomewa. Nilitembea mpaka mbele nikampokonya Kang'ethe maikrofoni. Nikasema kitendo cha Wavinya ni cha shetani, na Jackie wangu anasema hivyo hivyo. Ningeishia hapo. Lakini watu walikuwa wamenyamaza, wananitazama, na wewe unajua nikitazamwa ninavyokuwa. Nikaendelea. "Nyinyi mnamtukana, na ni nani analisha watoto wa marehemu? Nduku na Muoki wanalala kwa nani huko Membley, kwa kitanda cha mvule, kama si kwa huyu?"

Wakapiga makofi. Hata Kang'ethe. Nikamtafuta Jackie kwa macho nione kama amefurahi. Alikuwa ameinamia karai la viazi, na mikono haisongi.

Siku tatu baadaye Makau na watu kama ishirini walingoja kwa geti ya Membley, Jackie akiwarudisha watoto kutoka shule mpya. Wakazunguka gari, simu zote juu. Wakamwambia Nduku kupitia kioo, "Sema mama yako ni mtu wa aina gani. Sema, dunia isikie!" Jackie alikuwa anapiga honi huku analia. Na yule mtoto akasema, kwa sauti ndogo, "Mama ni mbaya." Wakashangilia kama ni goli.

Video hiyo nilitumiwa na watu saba. Mama Ciku aliweka chini yake ile picha ya mikono ya kushukuru Mungu.

Tangu siku hiyo Nduku haongei. Si kwa Jackie, si kwa hakimu, hata maji anayaonyesha kwa kidole. Ofisa alikuja akawachukua wote wawili, akawapeleka mahali ambapo Jackie mwenyewe hajaambiwa. Sasa wale wa Wavinya wanasema Jackie alimfundisha mtoto, na wale wa Makau wanasema alimficha. Ofisini kwake wamemwambia apumzike kwanza. Na mimi natembea Kalimoni nikipongezwa.

Nimeenda Membley mara tatu. Soja wa geti anapiga simu ndani, halafu ananiambia akiangalia viatu vyake, "Mama, nimeambiwa hayuko." Gari lake naliona. Juzi nikamwandikia kwamba Jumapili nitasimama kanisani wakati wa matangazo, niombe msamaha mbele ya wote. Alinijibu hapo hapo, na ni jibu la kwanza kwa karibu mwezi. "Mami, tafadhali usisimame."

Basi leo sikusimama. Mama Ciku alinigusa na kiwiko, "Si uko na neno?" Nikamwambia sina. Nilikaa nimeshika kiti, kwa sababu sijui njia ingine ya kumpenda mtoto isipokuwa kumsema mbele ya watu, na hiyo ndiyo imemmaliza.

Nafuna, wewe alikuwa akikusikiliza kunishinda. Ujaribu simu yake mpaka siku aiwashe. Usimwombe anisamehe, wala usimwulize anafikiria nini juu yangu. Mwulize kama amekula. Akinyamaza, nyamaza naye, hata kama ni saa nzima, usikate.

Msalimie kaka yangu Mburu na huo mguu, mwanao Muriithi na mdogo wake, na mama yako mzazi. Mungu awafunike na awape mvua iliyotukataa sisi. Kwa maombi yenu jina la Nduku litangulie. Langu likikosa nafasi, mliache.

Wako akupendaye,
Waithira