Fyuzi ya Karatasi ya Sigara

Mjukuu wangu Mwanasha,

Nina miaka sabini na minane. Nimewazika kaka zangu wote, na hoteli tatu nilizofanyia kazi hapa Malindi zimefungwa, mimi bado nimesimama. Salamu zako zimefika. Bibi yako hajambo, ni mguu tu.

Waniuliza: mashine ya zamani ya michezo uliyopewa na mkubwa wako uitengeneze imekata fyuzi ya tatu, je, ufunge waya mahali pa fyuzi kabla hajakufukuza? Usifunge, mama.

Mimi nilifunga. Kule hotelini Shella, papa hapa Malindi, tulikuwa na mashine kama hiyo, na fundi kijana hodari nilikuwa mimi. Fyuzi ilipokatika nikaizungushia ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Mashine ikawaka taa! Nikatembea kifua mbele. Punde si punde, moshi.

Fundi mkuu, Mzee Kombo wa Rabai, akaifungua mgongoni. "Fyuzi yakwambia kuna ubaya, Athumani, wewe waiziba mdomo!" Akachomoa nyaya zote, akatia fyuzi ya kipimo kile kile, akazirudisha mmoja mmoja. Wa nne ukaikata. Panya walikuwa wameutafuna, shaba yagusa bati.

Meneja akaja juu: "Nani kaiunguza?" Mzee Kombo akajibu, "Kosa ni letu wawili."

Basi fanya kama Mzee Kombo, waya mmoja mmoja, polepole. Mkubwa wako akiuliza mbona wachelewa, mwambie kosa ni letu wawili, wewe na babu yako.

Usiponiamini muulize bibi yako, alikuwa mpishi pale. Uhodari wangu ataukana, lakini moshi aliuona.

Babu yako Athumani