Hisa Zangu Ziliuzwa Nikiwa na Bandeji

4 Machi

Mwanangu,

Natumaini mko wazima, wewe, mkwe wangu na watoto. Mimi sijambo. Juzi daktari alinifungua bandeji, na kitu cha kwanza nilichokiona nyumbani ni vumbi juu ya kabati. Nikajua jicho limepona kweli.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Jana nilikwenda kwa dalali wa hisa kuulizia gawio langu la kampuni ya saruji. Foleni ilikuwa ya wastaafu watupu, maana soko limeporomoka na kila mtu ana kihoro. Yule dereva wa treni mstaafu tunayemwita Breki alikuwa akipiga kelele, "Uzeni! Uzeni kabla hazijawa karatasi za kufungia karanga!" Nikamwambia, "Breki, treni ikitikisika abiria haruki dirishani." Watu wakacheka.

Nilipofika kwenye kaunta, binti akatazama kompyuta yake.

"Mama, huna hisa."

"Sina vipi?"

"Uliziuza Februari."

"Februari nilikuwa na bandeji usoni. Hata mlango wa choo nilikuwa naupapasa!"

Akanigeuzia kompyuta nione. Saini ni yako. Umetumia hati ya uwakilishi niliyokupa kabla ya upasuaji, ili ulipie hospitali na umeme.

Nyuma yangu Breki akasema, "Kumbe mwenzetu kesharuka zamani." Safari hii walicheka zaidi.

Nimekulea, nimekusomesha, na tangu ulipoota ndevu sijawahi kuingia chumbani kwako bila kubisha. Nataka jibu la maandishi, si la simu. Kwenye simu una tabia ya kusema mtandao unakatika.

Mama yako


11 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima, na mdogo ameota jino. Nimefurahi sana kusikia kwamba unaona.

Mama, tafadhali usipandishe presha. Nilifanya kwa nia njema. Bei zilikuwa zinashuka kila siku, wewe umelala gizani, na daktari alikataza usishtuliwe. Ningekuja kukuambia nini? Niliuza, na fedha zote nikaziweka benki kwa jina lako, kwenye akaunti ya muda maalumu ya mwaka mmoja. Hakuna kilichopotea.

Gawio lisikunyime usingizi. Kama kodi ya nyumba itakuwa mzigo, hamia kwetu. Mke wangu ameshapaka rangi chumba cha nyuma. Umefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika. Mahesabu tuachie sisi.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mjukuu wangu mpe hongera ya jino. Presha yangu iko sawa. Nimeipima kabla ya kuanza kuandika, na nitaipima tena nikimaliza.

Nia njema! Pensheni ya mwezi inanilisha. Gawio ndilo linalolipa vyumba vyangu viwili. Kiinua mgongo changu chote nilikitia kwenye hisa zile ili nisije nikamgongea mtu mlango nikiwa na mto kwapani. Wewe umeziuza, halafu unaniambia chumba kimepakwa rangi. Nani alikuambia natafuta chumba? Mimi ni kabati, nihamishwe ikitokea pembe tupu?

Unajua nilivyofanya kazi. Katika chumba chetu cha kuchemshia vifaa vya upasuaji, aliyefunga pipa la vifaa safi aliandika jina lake kwenye utepe, na hakuna mwingine aliyelifungua. Siku moja daktari bingwa alikuja akidai mikasi, mimi niko kwenye chai. Alifoka, akapiga meza. Wasichana wangu wakamwambia, "Subiri, mwenyewe anakuja." Alisubiri. Bingwa mzima! Wewe ulishindwa kusubiri jicho moja lipone.

Hospitali walimtoa vizuri mtoto wa jicho. Mtoto wa tumbo ndiye anayenisumbua.

Kodi inadaiwa Juni. Zifungue fedha zangu.

Mama yako


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Umeona gazeti la leo? Saruji imeshuka tena, sasa ni karibu nusu ya bei niliyouzia mimi. Sitaki kujisifu, lakini fikiria ungekuwa wapi leo kama ningekaa nikakusubiri.

Nadhani sasa tunaweza kuyamaliza. Nikukatie tiketi ya lini?

Mwanao


5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Nimeliona gazeti. Uliuza kwa bei ambayo mimi nisingeipata. Hongera. Na hasira yangu iko palepale ulipoiacha.

Hasara ile ingekuwa yangu. Ningekaa nayo, ningeigeuza huku na huku, ningeuza au ningengoja, kwa akili yangu mwenyewe. Umenitoa kwenye hasara ukanitia kwenye utoto, na unataka nikushukuru.

Nimekwenda benki kuivunja akaunti. Kijana wa kaunta akaniuliza, mbele za watu, "Mtoto wako ana habari?" Nikamjibu, "Wewe ukitoa mshahara wako, mama yako huwa ana habari?" Akainama. Lakini utaratibu ni utaratibu: wewe ndiye uliyeifungua, kwa hiyo inatakiwa saini yako pia. Yaani jasho langu linangoja ruhusa ya mtu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Usiniandikie tena mpaka uwe na saini hiyo, na sababu ya kweli. Nia njema nimeshaisoma.

Mama yako


28 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini jicho linaendelea vizuri. Fomu ya benki imo ndani ya bahasha hii, nimeiwekea saini.

Nimechelewa kwa sababu ya ile sababu. Kila nikiiandika naichana.

Mfuko wetu wa pensheni kazini umewekeza kwenye soko hilohilo. Januari tulipewa taarifa: theluthi ya akiba yangu imekwenda. Huwezi kuiuza wala kuihamisha mpaka ustaafu. Unaitazama tu inavyozama. Nilikwenda kuuliza kama kuna njia, wakanicheka. "Bwana mkubwa, wewe bado kijana, nenda kafanye kazi."

Nikakumbuka kwamba nina hati yako. Zangu sikuweza kuzigusa, Mama. Zako niliweza. Siku niliyoziuza nililala usingizi mzito, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Sikukufikiria wewe. Baada ya kuuza ndipo nilipomwambia mke wangu apake rangi chumba, ili ionekane nilikuwa na mpango. Yeye habari ya mfuko bado haijui.

Mwanao


3 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Pole hii ni ya kweli.

Hiyo ndiyo barua niliyoidai tangu Machi. Imeniudhi kuliko zote, lakini angalau imeandikwa na mtu ninayemjua. Hukustahili kuogopa peke yako. Wala hukustahili kuitibu hofu yako kwa dawa ya mgonjwa mwingine.

Na hao waliokucheka ni kina nani? Wanakata mshahara wako kila mwezi, wanaupeleka wanakotaka, ukiuliza unaitwa kijana! Waandikie. Wakusanye wenzako muombe mkutano. Na mkeo mwambie leo, kabla ya chakula cha jioni, asije akaipata kwa mtu wa kaunta kama nilivyoipata mimi.

Akaunti nimeivunja. Riba wameikata, kodi nimeilipa. Sehemu ya zilizobaki nitanunulia tena hisa za saruji. Inaweza kushuka zaidi, najua; nikilia, nitalia kwa macho yangu mwenyewe.

Jumatatu nakwenda kwa dalali kuifuta hati ya uwakilishi. Hawahitaji uwepo, ila mimi nataka uwepo. Vaa shati safi. Utamwambia yule binti kwa mdomo wako kwamba ulikosea, kisha utatoka ukakae kwenye benchi la nje mpaka nimalize kununua.

Mama yako