Mnepali na Sukari ya Mama

Wifi yangu Neema,

Hujambo na wanangu? Mie mzima, miguu tu imevimba kwa kuzunguka maduka ya vitambaa soko la Zhongda.

Sasa sikia. Mchana nimekaa mgahawani meza moja na mama mmoja Mnepali, kahamia huku Guangzhou miaka mingi iliyopita. Nikaomba sukari ya chai, mhudumu akasema kwa Kichina meiyou, yaani hakuna. Basi na huu mdomo wangu! Kwa Kiingereza cha kuokoteza nikamsimulia yule Mnepali jinsi mama yangu, mkweo, alivyokuwa anakufungia sukari sandukuni usiiguse, ufunguo kwenye pindo la kanga. Kumbe mwenzangu anaandika, kapakata kadaftari mapajani!

"We dada, umetumwa na nani?"

"Natunga riwaya, za familia za kwetu Nepal."

"Sasa mama yangu anatafuta nini Nepal?"

Akatoa kitabu chake mkobani, akanitafsiria. Mama mkwe, sukari, sanduku, ufunguo kwenye pindo la sari. Nikapiga meza. "Mwizi! Umembadilisha nguo tu!"

Akasema huyo mama mkwe ni mama yake mzazi, marehemu, na kitabu ni cha zamani, nione kurasa zilivyokuwa njano. Machozi yakamtoka. Mie bado simwamini, wifi. Karatasi hata chai inaitia njano, na waongo nao wanalia.

Nakupenda, kitenge chako nimeshakichagua. Ila mama akijua nimemtangaza mpaka China, kwake sikanyagi tena. Akikuuliza nimeandika nini, mwambie nasema huku mvua tu.

Wifi yako,
Mama Tumaini