Mbwa Anayeogopa Mtu Akiinama

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia kutoka huko Dodoma. Sisi wazima, na kikohozi cha babu yako kimepungua. Unauliza kama yule mbwa wa kituo cha wanyama kapata kwao.

Nilibisha kila mlango wenye ua kumtafutia wa kumfuga, nikajibiwa, "Bi Asha, mbwa najisi." Wanajua hilo tu! Mtu akiinama kufunga kiatu, yule mnyama hujilaza chini akatetemeka, maana kwetu anayeinama mbele ya mbwa anaokota jiwe. Nani kamfunza hivyo kama si sisi?

Baba yangu alikuwa akisalisha Chwaka, na alifuga mbwa wa kufukuza nguruwe shambani. Akirambwa mkono huosha mara saba, moja kwa udongo, kisha humpelekea mbwa chakula chake. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mbona hampigi. Akasema, "Nimeamrishwa kuosha, mwanangu. Kupiga sikuamrishwa."

Hayo nimewaambia wote, na aliyenisikia ni mdogo wangu Haji tu. Kamchukua yule mbwa shambani kwake Chwaka. Nilimwonya kuwa kulima ni kuinama kutwa, basi mzee mzima akawa anapalilia muhogo amekaa kitako, mpaka mbwa amzoee.

Jana nilikwenda. Haji aliinama kuokota kofia yake, na mbwa akabaki amesimama, anatikisa mkia. Nilipoinama mimi kuvaa ndara, alijilaza.

Mimi sijapata kumrushia jiwe, Salma. Lakini mbele yake nabeba mawe ya mji mzima.

Bibi yako,
Asha