Nyumba za Walioko Cali

Jumatano, 11 Oktoba

Mwanangu Yirlesa amemeza shule ya sekondari! Sasa hivi tu. Ilikuwa haragwe jekundu kwenye ramani, pale sakafuni kanisani. Nimegeuka kidogo — hap! Kisha kanichekea, vijino vyote vinne nje. Bi Eustaquia, mkunga aliyenizalisha, akasema mwacheni, kesho tutaijua hatima ya elimu hapa San Benito. Hata Mzee Hermógenes, mwenyekiti wa baraza, alicheka.

Ramani ni ya kijiji tunavyokitaka watoto wetu watakapokuwa wakubwa. Mto tumeuchora kwa mkaa. Punje za mahindi ni nyumba. Jumamosi tukikubaliana, tutaipeleka kwa vijiji vingine, iwe mpango mmoja wa sisi weusi wa mto mzima.

Nimeweka haragwe jingine. Vijana wao wanataka uwanja wa mpira wenye taa. Mume wangu Wilmer hataki chochote. Ameshaongea na binamu yake, Januari tuhamie mjini Cali. Anasema kijiji kisicho na sekondari ni gati tu, watu wanasubiri boti. Mimi mwenyewe niliishia darasa la tano.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvua. Wali wa nazi umeungua. Nilikuwa nawaza.

Jumamosi, 14 Oktoba

Naandikia mapajani, baraza linaendelea. Kelele!

Mwenyekiti alitazama nyumba kwenye ramani, akasema zinatosha. Bi Eustaquia akainuka na kibakuli chake cha mahindi.

"Zinatosha nini, kaka? Na walioko Cali? Na Buenaventura? Vitovu vyao nilivizika mwenyewe, kwa mikono hii!"

Akaanza kupanda nyumba. Kila kitovu punje moja, na jina. Ya Arnulfo. Za mapacha wa Nieves. Ya yule mwizi wa kuku, naye ni wetu.

Kijana mmoja akapiga yowe: "Bibi, umejenga golini!"

"Basi kipa ahame!"

Punje zimefika mlangoni. Kanisa limetuishia! Nieves anacheka huku anafuta machozi. Mwenyekiti anajikuna kichwa — wakirudi wote hawa, watoto wao watasoma wapi? Anataka mama mmoja aseme. Wenzangu wananisukuma mimi. Mimi!

Na Wilmer, aliyekuja kunishikia mtoto tu, kapiga magoti kwenye ramani, Yirlesa begani. Anabishana na vijana. Uwanja usogezwe, eti mpira utavunja madirisha ya nyumba yetu. Nyumba yetu! Ipi? Punje yetu sijaiweka hata, iko kiganjani, imelowa jasho.

Nisimame niseme nini? Niseme hivi: hatutaki kubaki hapa kwa kukosa nauli. Tunataka kubaki kwa sababu

Mwenyekiti ananiita. "Nasly, mwanangu, kalamu chini, njoo mbele!" Naam, nakuja — kwa sababu hapa ndipo watoto wetu watakaposomea.